Nilivyomfuata Baba Mkubwa Uwanja wa Ndege wa Tanga

Niliondoka Arusha kwa sababu ya kata moja ya pombe ambayo hakuna mtu aliyekubali kuinywa. Ngoja nieleze, maana mtadhani nimeanza na utani. Kwetu Akheri, chini ya Mlima Meru, binti akiletewa mahari, pombe ya ndizi hutiwa kwenye kata, na wa kwanza kuonja ni mkubwa wa baba zake. Akishaonja, mazungumzo yameanza. Asipoonja, wageni wanajifunga mablanketi yao wanarudi walikotoka. Sasa huyo mkubwa wa baba zangu alikuwa Tanga, na yeye na baba yangu walikuwa hawajasemeshana tangu mimi niko darasa la pili.

Mchumba wangu Lazaro ni fundi magari wa Kwa Mrombo, lakini kwao ni Oldonyo Sambu, upande wa pili wa mlima. Wazee wake walikuwa wameshakuja mara mbili. Mara zote mbili baba aliwapokea vizuri, akawakalisha kivulini, akawachinjia. Pombe ilipoletwa, akakunja mikono. "Mdomo wa kwanza ni wa kaka yangu," akasema. "Kaka yangu hayupo." Basi, imeisha. Nikamwambia, "Baba, si umwite?" Akaniangalia kama nimemwambia avue suruali barabarani. "Nani amwite? Mimi?"

Safari ya pili msemaji wao alisimama akasema kwa upole kabisa: "Tutakuja tena Jumamosi ijayo. Tukirudi hivi hivi tutaelewa kwamba hamtutaki, na kijana wetu tutamtafutia kwingine." Nilikuwa nyuma ya dirisha, nimesikia kila neno. Nilitaka kulia ila nilikuwa nimepaka wanja.

Mimi sikuwa msichana wa kukaa kusubiri. Nilikuwa na saluni yangu Levolosi, viti vitatu na draya mbili. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, vitu vimefunguliwa, dawa za nywele na rasta zinaingia kutoka Nairobi kila wiki, na wanawake wa Arusha waliokaa miaka bila hata sabuni ya maana walikuwa wanapanga foleni mlangoni kwangu. Mtu aliyeweza kutafuta draya mbili hawezi kushindwa kumtafuta baba yake mkubwa.

Nikachukua isale. Kwa wasiotujua: isale ni ule mmea wa majani marefu tunaootesha mipakani mwa vihamba, mashamba yetu ya migomba. Ukimkosea mtu, unakata jani lake unampelekea, na yeye akishalipokea hana ruhusa ya kuendelea kununa. Sharti ni moja, likatwe na yule mkosaji mwenyewe. Baba yangu asingelikata hata angeshikiwa bunduki. Kwa hiyo Jumanne jioni, yeye akiwa kwa ng'ombe, nililikata mimi, kwa mkasi wa saluni, nikalizungushia gazeti.

Jumatano, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, basi liliondoka stendi ya Arusha. Nilimwachia saluni Mwajuma, msaidizi wangu, na nikamwambia akiulizwa aseme nimefuata mzigo. Tulipita Tengeru migomba ikiwa bado na umande, nikainamisha kichwa kana kwamba baba angeniona kutoka kule juu Akheri. Moshi tulisimama kidogo. Kilimanjaro ilikuwa imejificha, na dereva akasema mvua inakuja.

Same, saa nne. Milima ya Upare ilikuwa imevaa wingu jeusi hadi magotini. Jirani yangu kwenye basi, mama mmoja wa Tanga aliyejitanda khanga mbili, alikuwa akiangalia gazeti langu tangu Moshi. Uvumilivu ukamwishia.

"Mwanangu, hilo jani ni la dawa?"

"Si dawa, mama. Ni la baba yangu mkubwa."

"Anaumwa?"

"Amenuna."

Alicheka mpaka akashika kiti cha mbele. "Basi lingekuwa linatibu kununa," akasema, "ungeniuzia la mume wangu."

Mombo tulikula wali na mbuzi. Baada ya Korogwe mkonge ulianza, mistari na mistari, mpaka macho yakachoka. Muheza machungwa yaliingia dirishani kwa mafungu, nikanunua ya kupelekea mwenyeji, kisha nikala nusu yake mwenyewe kabla hatujafika. Kwa mara ya kwanza nikaanza kuogopa. Sikuwa nikimjua huyu mzee. Nilikuwa nikizijua barua zake tu, za zamani, zile ambazo babu alikuwa akisomewa jioni, majirani wote wamekusanyika. "Uwanja wangu unaendelea vizuri. Wiki hii nimepokea ndege nne." Akheri nzima iliamini kwamba Anaeli wetu anamiliki uwanja wa ndege.

Tanga, saa tisa alasiri. Joto lilinipokea mlangoni mwa basi kama draya iliyosahauliwa bila kuzimwa. Kule mji unaendeshwa na baiskeli, hata mabibi wanaendesha, wamevaa buibui na kikapu mbele. Nilipanda nyuma ya baiskeli ya kukodi nikamwambia mwenyewe anipeleke uwanja wa ndege.

"Una safari, dada?"

"Namtafuta mtu. Anaitwa Anaeli. Ni mkubwa wa pale."

"Simjui. Mkubwa wa pale ni mwingine."

"Mmeru. Mrefu. Yupo miaka mingi."

"Aa! Mzee Upepo! Si ungesema hivyo tangu mwanzo."

Nilitegemea ofisi. Nilitegemea tai, meza, na labda kalamu tatu mfukoni. Mwenye baiskeli alinishusha pembeni ya uwanja akanionyesha kwa kidole mzee mmoja katikati ya nyasi, amevaa mabuti ya mpira na kofia ya majani, anafyeka. Nilikaa pale nikimwangalia. Fyekeo lilikuwa linakwenda na kurudi, taratibu, kama la mtu ambaye hafukuzwi na chochote. Pua ilikuwa ya baba yangu. Hata namna ya kusimama na kushika kiuno ilikuwa ya baba yangu.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba." Akanitazama huku jua likimpiga machoni. "Wewe wa nani?"

"Wa Elinami. Mimi ndiye Kunda."

Akaweka fyekeo chini. Akauliza, "Elinami yuko hai?"

"Yuko hai. Mzima."

"Haya," akasema, akavuta pumzi. "Twende nyumbani, mama yako mkubwa akupe maji. Kesho nitakuonyesha uwanja."

Mama mkubwa Esta ni Mbondei wa Muheza, mfupi, mchangamfu, na mdomo haumkauki. Alinikumbatia kabla sijamaliza kujitambulisha. Nyumba yao ilikuwa ng'ambo tu ya barabara kutoka uwanjani, na kutoka uani niliuona ule mfuko mrefu wa kitambaa cha rangi ya chungwa juu ya mlingoti, unaojaa upepo ili rubani ajue unavuma kutoka wapi. Mzee alikuwa akiushona mwenyewe ukichanika. Ndiyo maana ya jina lake.

Mara tatu jioni ile nilifungua mdomo kusema jambo langu, na mara tatu mzee akasema, "Kesho, baada ya uwanja."

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, tulikuwa kwenye ncha ya barabara ya kurukia. Ndivyo anavyoanza siku. Anatembea kutoka ncha moja hadi nyingine, anaokota kila jiwe, kila msumari, kila kinyesi cha mbuzi, na hakuna rubani anayemjua atakayeshuka asipomwona amesimama pembeni na kitambaa chake cheupe. Nilimfuata na viatu vyangu vya mjini, nikajuta baada ya hatua hamsini.

"Nilipokuja," akaanza, "hapa palikuwa pori. Mimi nilikuja kukata mkonge. Mabwana wa mashamba walikuwa na vindege vyao, vinatua kwenye majani matupu. Ng'ombe wakilala katikati, kindege kinazunguka juu mpaka mtu akawafukuze. Siku moja niliwafukuza mimi. Mzungu alishuka akaniuliza jina. Tangu siku hiyo ikawa kazi."

"Baba mkubwa, kuhusu baba..."

"Angalia hapa." Alikuwa ameinama, anagusa ukingo wa lami. "Hapa chini kuna changarawe. Tuliileta kwa matoroli, tukaishindilia kwa magogo. Tuliimba, we! Halafu ndiyo ikaja lami, na kijumba kile cha abiria. Ndege ya serikali ilipoanza kuja, watu walikuwa wanatoka kanisani na msikitini wanakuja kuitazama. Wamevaa, wamepaka mafuta. Hawaendi popote! Wanakuja kuitazama tu, halafu wanarudi nyumbani wamefurahi."

Alitembea akiokota na kusimulia, na mimi nyuma nikibeba mawe kwenye khanga yangu. Akanieleza jinsi mkonge ulivyoshuka na mabwana wakaondoka. Jinsi ndege zilivyopungua, mara leo ipo, kesho haipo, spea hakuna, mafuta hakuna, hadi ikapita miezi bila muungurumo. Wenzake walihamishwa au wakaacha. Yeye alibaki akifyeka.

"Hakuna ndege na wewe unafyeka?" nikamuuliza.

"Na kama ingekuja?"

"Haikuja."

"Lakini ilikuja," akasema, na akacheka kwa mara ya kwanza. "Imekuja sasa. Wamefungua. Mwenye ndege yake anarusha, hata ikiwa ndogo kama baiskeli. Wanaleta watalii kutoka huko kwenu Arusha, wametoka kuangalia simba wanataka kuogelea. Wiki nyingine tunapokea tatu. Rubani wa kwanza alipotua aliniambia, 'Mzee, nilidhani nitakuta msitu.' Akakuta lami safi."

Nakiri nilimheshimu pale. Nilikuwa nimekuja kumbeba kama mzigo wa saluni, sasa naona mtu aliyetunza kitu peke yake hadi wenye nacho wakarudi.

Saa tano kindege kilikuja kweli. Mzee alisimama wima, akainua kitambaa, na kikashuka laini, wazungu wanne wakatoka wakiwa wekundu na kofia mpya. Rubani alikuwa Kapteni Jaspal, Kalasinga wa Arusha, mzaliwa wa pale pale mjini, Kiswahili chake kinanishinda mimi. "Shikamoo Mzee Upepo!" akapaza sauti kabla hajagusa ardhi. Nikajitambulisha, akasema mke wake anasukwa Levolosi. Kumbe ni mteja wangu. Dunia ndogo, jamani.

Jioni, kabla ya chakula, sikumpa nafasi ya kukwepa. Nilifungua gazeti uani, mbele ya mama mkubwa, nikalitoa isale. Lilikuwa limelegea kidogo kwa joto. Nikapiga magoti.

"Baba mkubwa, baba ameleta hili. Anaomba yaishe. Jumamosi wanakuja wakwe na hakuna wa kuonja."

Hakulishika. Alilitazama shina, akalitazama jani kutoka juu mpaka chini.

"Elinami amelikata lini?"

"Jumanne."

"Kwa nini hakulifunga fundo?"

Isale la msamaha hufungwa fundo, mtoto yeyote wa kihamba anajua, na mimi kwa haraka zangu nililinyoosha vizuri kama nywele ya mteja, nikapunguza na ncha kwa mkasi. Mama mkubwa alikuwa anajizuia kucheka.

"Nimelikata mimi," nikasema. Na hapo nikalia kweli, wanja au si wanja. "Baba hajui niko hapa. Hajui chochote. Nisipoolewa na Lazaro baba mkubwa nitakufa, na yeye hawezi kusema neno moja, na wewe huku unafyeka nyasi, na mimi nina miaka ishirini na nane!"

"Mwambie," mama mkubwa akamwambia mumewe. Hakuwa anacheka tena. "Mtoto amesema ukweli wake. Na wewe sema wako."

Mzee akavua kofia, akaiweka juu ya goti.

"Unajua kwa nini sikuja kumzika babu yako?"

"Baba anasema ulidharau."

"Simu ya maandishi ilinifikia siku ile ile, asubuhi. Basi la Arusha lilikuwepo, ningefika usiku. Nikaenda posta nikajibu: nakuja kwa ndege. Ningefanyaje? Miaka yote nimewaandikia uwanja wangu, ndege zangu. Ningeshuka kwenye basi na kifurushi? Nikamwomba rubani, akasema imejaa. Nikasema nitasubiri ya kesho. Ya kesho haikuja. Ya keshokutwa ilikuja imejaa." Alikuwa akiizungusha ile kofia. "Siku tatu, mwanangu. Mabasi yalikuwa yanapita hapo barabarani, nayasikia. Na baba yako kule alikuwa amesimamisha mazishi, amekwenda uwanja wa ndege wa Kisongo kunisubiri na watu wa ukoo. Siku mbili wanaangalia juu. Halafu wakamzika mzee bila mwanawe wa kwanza. Baba yako aliniletea neno moja tu, kwamba nisikanyage tena Akheri mpaka nishuke na hiyo ndege yangu."

"Na hukupanda hata mara moja?"

"Ndege? Mimi?" Akatikisa kichwa. "Sijawahi kukaa ndani. Nimefuta vioo vyake tu."

Mzee akanyoosha mkono, akalichukua isale kutoka kwangu, akalifunga fundo, polepole, kama mtu anayekumbuka kitu cha utotoni.

"Mkosaji ni mimi," akasema. "Kwa hiyo hili litarudi huko huko lilikotoka. Kesho tunapanda basi."

Ijumaa, saa kumi na mbili na robo asubuhi, stendi ya Tanga. Mzee alikuwa amevaa koti la harusi yake, mama mkubwa ametufungia maandazi, na mimi nimeshaanza kuchagua kichwani nitasukwa mtindo gani. Mkata tiketi akatutazama kwa huruma. "Arusha hakuna leo. Mvua ya jana imekata barabara huko Hedaru. Magari yamelala pande zote mbili."

"Mpaka lini?"

"Maji yakipungua. Kesho, keshokutwa, nani ajuaye."

Nilikaa chini pale pale kwenye begi langu. Wazee wa Oldonyo Sambu hawakuwa wanatumia barabara ya Hedaru. Wao wangefika Jumamosi saa nne kamili, na mablanketi yao.

Baba mkubwa alisimama juu yangu, anaangalia upande wa uwanja. Nilijua anawaza nini, na yeye alijua kwamba nimejua. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Yule Jaspal amelala hapa, anarudi mtupu leo mchana," akasema.

"Ndiyo."

"Kunda, mimi naogopa."

"Na mimi, baba mkubwa."

Saa tatu tulikuwa uwanjani. Kapteni Jaspal alikuwa anakagua bawa. Mzee, aliyemwekea njia safi mara zisizohesabika, akaanza kuzungukazunguka maneno mpaka nikamkatiza nikamwomba mimi. Kapteni akaacha alichokuwa anafanya.

"Mzee Upepo, miaka yote hii hujawahi kupanda? Na mimi nilidhani umezichoka!" Akaingia ndani akaongea na bosi wake kwa redio, akatoka amenyoosha kidole gumba. "Saa saba. Mzee anakaa mbele na mimi."

Ofisi ya uwanja ilinisaidia simu. Nikampigia Mwajuma kwenye duka la jirani wa saluni: "Kimbia Akheri, mwambie baba aje Kisongo saa nane. Mwambie narudi na ndege. Usiongeze hata neno." Mwajuma akauliza kama nimetajirika.

Saa saba kasoro, mzee alifanya jambo moja ambalo sikulitegemea. Alitembea ile barabara yote, kutoka ncha hadi ncha, ndani ya koti la harusi, akiokota mawe. Kapteni alimsubiri. Halafu akampa mama mkubwa kile kitambaa cheupe, akamwonyesha pa kusimama. "Ukiona pako safi, inua." Mama mkubwa akasema tangu lini hajui kuinua kitambaa, amekiona miaka thelathini kutoka jikoni.

Tukaruka. Sitawadanganya, nilifumba macho na kusali sala ya chakula kwa sababu ndiyo iliyonijia. Nilipofumbua, Tanga ilikuwa imekuwa ndogo, bahari imelala upande mmoja, na ule uwanja wote aliouhangaikia mzee ulikuwa utepe mmoja wa kijivu kwenye kijani. Alikuwa amegandisha shingo kuutazama.

"Ni mdogo," akasema kwa sauti ya kusikitika.

"Unatosha, mzee," Kapteni akajibu. "Sisi huku juu ndio pekee tunaouona."

Tukapita juu ya Usambara, juu ya mkonge, juu ya Hedaru penyewe, na maji mekundu yakiwa yamekaa barabarani na mabasi yamepangana mfano wa punje za mahindi. Nikawaonea huruma, kisha nikala andazi. Bwawa la Nyumba ya Mungu liling'aa chini yetu. Kilimanjaro ilikuwa kulia, nyeupe, karibu mno hadi ikatisha, na mbele, juu ya mawingu, kilele cha Meru kikatokea. Baba mkubwa alikuwa anafuta machozi kwa mkono wa koti, waziwazi, bila kujificha.

Kisongo, saa nane na nusu. Tulipogeuka kushuka nilimwona baba chini, peke yake pembeni ya uwanja, amevaa kofia ya kanisani, anaangalia juu huku amekinga jua kwa kiganja. Moyo ukaniuma. Nilikuwa nimesahau kwamba hapo ndipo alipowahi kusimama siku mbili na watu wa ukoo.

Magurudumu yakagusa, tukatulia. Nikashuka mimi kwanza. Baba alinijia haraka, hofu imemjaa. "Kuna nini? Nani amekufa? Umepata wapi ndege?" Kisha akaona nyuma yangu mabuti, na koti, na ile pua.

Baba mkubwa alishuka vibaya, kwa kurudi nyuma kama mtu anayeshuka ngazi ya darini, na Kapteni akimshika mkono. Akageuka. Walikuwa wazee wawili wa sura moja, wamesimama wakiachana hatua nne, na hakuna aliyesogea. Niliwaza kwamba baba akigeuka sasa akaondoka, basi hakuna Jumamosi, hakuna Lazaro, hakuna kitu.

Baba alimtazama kaka yake kuanzia kichwani mpaka miguuni. Akaitazama ndege. Akamtazama tena.

"Umechelewa," akasema.

"Nimechelewa, mdogo wangu," baba mkubwa akajibu. Akanyoosha isale kwa mikono yote miwili. "Basi lilikuwepo. Siku ile basi lilikuwepo, Elinami. Niliona aibu kupanda."

Baba akalipokea. Alilishika kifuani. Maneno yake yalikuwa ya chini mno, mimi na rubani tulilazimika kujifanya tunaangalia gurudumu.

"Mimi ndiye niliyewaambia watu wasubiri," akasema. "Mjomba alisema tuzike. Nikamwambia kaka yangu ana ndege, hawezi kukosa. Nilijivunia wewe mbele ya maiti ya baba."

Kutoka Kisongo tulikodi pikapu mpaka Akheri. Wao wawili hawakuingia nyumbani. Walikwenda moja kwa moja kwenye kaburi la babu, nyuma ya migomba, wakakaa huko hadi jua lilipozama, na mama alipotaka kuwapelekea chai nilimzuia.

Jumamosi, saa nne kamili, wazee wa Oldonyo Sambu waliingia uani. Kata ililetwa. Baba mkubwa aliipokea, akaonja, akafumba macho, akasema pombe imekolea. Wanawake wakapiga vigelegele, na Lazaro, ambaye haruhusiwi kuchekelea, alichekelea. Nimeolewa. Lakini wale wazee wetu wawili walikuwa na maongezi yao, na mara mbili msemaji wa wakwe alilazimika kukohoa ili wakumbuke kwamba kuna ng'ombe wanaojadiliwa.

Mnaniuliza nilijifunza nini Tanga. Nilijifunza historia ya uwanja mmoja wa ndege kuanzia majani hadi lami, na nilipanda ndege kabla ya watu wengi wa mtaa wangu, na najua sasa nani anaokota mawe kabla haijatua. Hayo ni mazuri, nayasimulia saluni kila siku. Ila wateja wangu wakiondoka huwa nawaambia jambo moja tu, na siwaelezi limetoka wapi: ukisikia msiba kwenu, usingoje usafiri wa heshima. Panda gari la kwanza linalopita.